Kushuka Jebel Akhdar kwa Gia ya Pili

Nilianguka mtihani wa udereva mara mbili nikiwa msichana, na mara zote mbili kwa sababu ya mapipa. Aliyeishi Omani anayajua. Unapangiwa mapipa kiwanjani, unaambiwa urudi kinyumenyume uliingize gari katikati yao, na askari wa shurta, polisi wa kule, amesimama pembeni na miwani yake myeusi kama mtu asiye na haja na wewe. Mara ya kwanza niligusa pipa moja tu. Mara ya pili niligusa la kushoto, nikashtuka, nikakata usukani, nikalikumba la kulia na kwenda nalo likiwa chini ya gari. Kelele yake iliwatoa watu ofisini. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenipeleka, alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na dishdasha lake jeupe. Nikasema khalas, kuendesha gari hakukuandikwa kwangu.

Basi nikaishi maisha ya abiria. Nilikuwa nasomesha hisabati skuli ya wasichana hapa Ibra, basi la skuli linanichukua asubuhi na kunirudisha mchana. Mume wangu kazi yake iko Maskati, anakuja mwisho wa wiki, na safari zetu zote zilingoja mwisho wa wiki. Abiria hujifunza mambo yake. Nilijua nani anakwenda Nizwa Jumanne, jirani gani ana nafasi ya mtu mmoja, na nani ukipanda naye utasikiliza habari za ngamia wake mpaka Sinaw.

Kisha kazi ikanipeleka Uingereza, mwaka mmoja wa masomo, nikakaa kwa khalati yangu.

Khalati ni mdogo wake mama. Wao wawili walikulia Tabora, babu akiwa na duka la nguo huko, na kwa vile bibi alikuwa mtu wa Unguja mjini, nyumba nzima ilisema Kiswahili cha kwao bibi, na wao hadi leo wanakisema hichohicho. Mama aliolewa akaja huku Ibra, mji wa wazee wetu. Khalati aliolewa na mpishi wa meli akaenda kuishi kwenye mji mmoja wa bandari kusini mwa Uingereza. Mumewe alipofariki naye bado kijana, alitafuta kazi ya kumweka mjini, na kazi aliyoipata ikamshangaza kila mtu wa ukoo wetu: alifundisha watu kuendesha gari. Aliifanya mpaka akastaafu. Ni mwanamke mfupi, mtandio kichwani, raba miguuni, na mto mgumu chini yake ili auone mwisho wa boneti.

Nilipofika kwake hata sijamaliza kufungua sanduku, akaniuliza, "Unaendesha?"

Nikamsimulia habari ya mapipa. Hakucheka.

"Hilo pipa lilikukosea nini?" akauliza. Kisha akaniambia nikaombe leseni ya mwanafunzi.

Somo la kwanza lilikuwa kwenye mtaa wa nyumba za matofali mekundu, magari yameegeshwa huku na huku. Khalati akasema, "Mtaa huu mwisho ni thalathini." Nikaona vyema. Nikaipeleka sindano hadi thalathini, nikaishikilia hapo kwa uangalifu kama niliyebeba trei ya vikombe. Nilijiona nimeweza. Baada ya muda nikaona kwenye kioo kuna gari nyuma yangu, na nyuma ya lile kuna jingine, na nyuma yake basi. Wa mwisho akapiga honi. Kisha mzee mmoja wa Kiingereza akiwa juu ya baiskeli, kikapu kimejaa vitunguu, akatupita, akageuza uso na kutuamkia kwa adabu kabisa.

"Mwanangu," khalati akasema, "gari inaumwa?"

"Haiumwi. Nafuata sheria. Si umesema thalathini?"

Akainama kutazama. Kwenye saa ya mwendo kulikuwa na duara mbili za namba, za nje kubwa na za ndani ndogo, na mimi nilikuwa nimezitazama za ndani.

"Hizo ni kilomita," akasema. "Huku watu wanakwenda kwa maili. Unaendesha kama unasindikiza jeneza. Haya, thalathini ya nje."

Thalathini ya nje ilinifanya nishike usukani kwa mikono miwili na kusoma kila aya ninayoijua.

Uingereza, niligundua, ni nchi isiyokata shauri. Petroli wanauza kwa lita, lakini gari likila sana wanakuambia linakwenda maili ngapi kwa galoni. Maziwa kwa painti, unga kwa kilo. Joto likizidi khalati alitumia farenhaiti, kwa sababu namba zake ni kubwa na zinatia huruma zaidi, na baridi ikija alitumia sentigredi, maana sifuri inatisha. Siku moja nilitoka chumbani na gauni jipya, akanitazama juu mpaka chini.

"Umeongeza jiwe," akasema.

Nikatazama sakafuni. "Jiwe gani, khalati?"

"Jiwe zima. Liko hapo kwenye nyonga."

Kumbe jiwe ni uzani wao, kilo sita na ushei, na mtu humpima mwenziwe kwa mawe bila kukusudia kumtusi.

Mimi mwalimu wa hisabati nilidhani nimeokoka. Kila nilipoona kibao nilikuwa nageuza kichwani maili kuwa kilomita, yadi kuwa mita, futi kuwa sentimita. Siku moja nikiwa katika kugeuza nikapita taa nyekundu. Khalati alikanyaga breki ya upande wake, maana gari lake lilikuwa bado na breki mbili.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa nahesabu."

"Usihesabu. Tazama. Anayehesabu anagonga." Akaninyooshea kidole mbele. "Kwa mwendo huu unataka nafasi ya magari sita mbele yako ndiyo usimame. Magari sita ni magari sita, Uingereza, Omani, popote. Huna la kugeuza hapo."

Niliangushwa mtihani wa kwanza kwenye mzunguko wa barabara, ule sisi huku tunauita dawari. Niliungojea uwe mtupu. Haukuwa mtupu. Magari yalikuja na kwenda, mkaguzi akaandika kitu, akatazama saa, akaandika kingine. Mara ya pili nikaamua sitangoja, nikaingia, na mbele yangu likasimama basi la ghorofa, dereva wake mikono juu ya kichwa. Mara ya tatu mvua ilinyesha na nikafaulu. Khalati hakunipongeza. Alininunulia samaki na chipsi, tukala ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu, akanieleza mambo manne niliyoyakosea na mkaguzi hakuyaona.

Niliporudi, leseni ya Uingereza ilibadilishwa kuwa ya Omani bila mtihani. Mapipa hayakupata nafasi ya tatu.

Lakini kuwa na leseni na kuaminiwa ni mambo mawili. Kwanza mwenyewe sikujiamini. Niliingia mlango usio wangu, nikakaa, nikashangaa usukani umekwenda wapi. Mkono wangu wa kushoto ulipapasa gia ukapiga mlango. Mama, ambaye mzunguko wa barabara anauita kipilefti kama walivyouita Tabora, aliniuliza kama huko nilikotoka kipilefti ni cha kushoto kweli. Nikamwambia ndiyo.

"Na hapa ni cha kulia."

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nitapanda na kaka yako," akasema, na akafanya hivyo kwa muda wa miaka miwili.

Nilikuwa na gari langu dogo. Nilikwenda skuli, nikarudi, nikaenda sokoni, nikathubutu hata Sinaw. Mama akija nyumbani kwangu, kaka ndiye anayemleta, na akitaka kuondoka tunampigia simu kaka, na gari langu liko palepale mlangoni.

Hapo ndipo khalati alipokuja kututembelea. Ilikuwa msimu wa waridi wa Jebel Akhdar, na mama alikuwa amemwahidi kwenye simu kwamba atampeleka akayaone kwenye miti yake, si yakiwa maji ndani ya chupa. Kaka ndiye angetupeleka, kwa kuwa mlima ule huwezi kuupanda na gari dogo. Shurta wanakuzuia chini, wanataka gari la foo-wili, na kaka analo. Kila kitu kilikuwa tayari, kahawa kwenye themosi, mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Asubuhi ile kaka akaja, uso umemshuka. Ameitwa kazini Sur, hawezi kukataa, na safari ya khalati ya kurudi imekaribia.

"Basi tena," mama akasema, akaanza kufungua kitambaa cha mkate.

"Kwani dereva hakuna?" khalati akauliza, na akanielekezea kidevu.

Kaka akanitazama, akamtazama mama, akalitazama gari lake kama linalokwenda vitani. Mwishowe akatoa funguo, lakini alinishikia mlango na kunipa darasa pale uani.

"Kupanda si kazi. Kushuka ndiko. Ukishuka, gia ndogo. Unavuta hapa, unaweka mbili, inakaa mbili. Usiilalie breki. Umesikia dada? Usiilalie breki."

"Nimesikia."

"Usiilalie breki," akasema tena, kisha akaingia kwenye gari langu dogo aende nalo Sur, magoti yake karibu na masikio.

Nilidhani khalati atachukua usukani tukishatoka mjini. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani. "Mimi mgeni," akasema. "Nimekuja kutazama nchi." Mama akakaa nyuma, katikati, akinishikia kiti changu kwa mkono mmoja.

Tulipita Sinaw, tukashika njia ya kutokea Izki. Khalati akauliza ni mbali kiasi gani, nikamwambia kama kilomita mia na sitini.

"Maili mia," akasema, akaridhika. "Hiyo naijua. Nyumbani kwangu mpaka kwa rafiki yangu Bristol ni maili mia."

"Mimi Izki ninaijua kwa kahawa," mama akasema. "Ukimaliza themosi, umefika."

Wakaanza kuzungumza duka la babu yao, na vipimo vya zamani, wari za kitambaa, ratili za samli, na jinsi babu alivyokuwa na mkono mrefu na wateja wakaomba awapimie yeye kwa mkono badala ya fimbo ya shaba ya kupimia. Wanawake wawili walioishi mbalimbali tangu ujana walielewana kwa wari na ratili, na mimi na kilomita zangu nikaendesha. Mara kwa mara khalati aliniuliza, "Pale pameandikwa nini?" Nikawa namsomea vibao, Izki, Nizwa, punguza mwendo. Nilidhani macho yake yako kwenye milima.

Birkat al Mauz, mji ulio chini ya mlima, tukasimama kwenye kizuizi. Kijana mmoja wa shurta akaja, akatazama leseni yangu, akatazama magurudumu, akatutazama sisi watatu.

"Mdogo wangu, huyu mtoto amekonda," mama akamwambia khalati kwa Kiswahili. "Hajala huyu."

Kijana akainamisha kichwa dirishani. "Nimekula, mama. Shikamoo."

Tuliangua kicheko wote. "Marahaba," mama akasema, mkono mdomoni. "Umekijulia wapi?"

"Bibi yangu yeye ametoka Mwanza. Nyumbani yeye anasema tu Kiswahili, hakuna kingine." Akanirudishia leseni. "Mkirudi, dada, gia ile ndogo. Polepole. Breki usikanyaga sana."

"Nimeambiwa," nikasema.

"Watu wote wameambiwa," akajibu, na akatufungulia njia.

Kupanda kweli hakukuwa kazi. Gari la kaka lilikwea kama linalokwenda kwao. Masikio yakaziba, mama akawa anapiga miayo kwa makusudi, na bonde likawa linazidi kushuka chini yetu. Juu kabisa, kwenye vijiji, nikawaambia tupo kama mita elfu mbili.

"Hiyo ni futi ngapi?" khalati akauliza.

"Elfu sita na mia tano, na kidogo."

"Basi sema hivyo! Elfu mbili ni kitu gani? Elfu sita na mia tano, hapo mtu anajua kwamba amepanda mlima."

Mawaridi yalikuwepo, kwenye vipande vya shamba vilivyopangwa kama ngazi ukingoni mwa jabali, yamechanua, rangi ya waridi tupu. Mama alimshika mdogo wake mkono wakashuka vijia vya mawe, na khalati alikuwa akiyasogelea maua mpaka pua inagusa. Nilidhani ni harufu. Mwenye shamba alituonyesha majiko ya udongo yaliyochakaa kwa moshi ambamo maji ya waridi yanachemshwa, na mama akanunua chupa, akamwuliza mwenyewe maswali mengi kama mtu anayetaka kufungua kiwanda. Khalati alichomeka ua moja kwenye mtandio. Baridi ilikuwa nzuri. Tulikula mkate wetu chini ya mkomamanga, tukamaliza kahawa.

Alasiri tukaanza kushuka. Nilivuta, nikaweka mbili, ikakaa mbili. Gari likawa linaunguruma taratibu na kujizuia lenyewe, na mimi nikaanza kujisifu moyoni.

Mbele yetu kulikuwa na lori la maji, tupu, linashuka kama kobe. Nikawa nyuma yake. Nyuma yangu likaja gari jingine, likaniwashia taa, likazima, likawasha. Mtu akikuwashia taa mgongoni muda mrefu akili inakuruka. Ilipotokea nafasi nikalipita lori, na ili nilipite nikaitoa gia kwenye mbili, nikasahau kuirudisha. Barabara ikainama. Gari likashika mwendo. Nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga, kona ikaja, nikakanyaga tena, na sikuuinua mguu.

"Nani anachoma kitu?" mama akauliza huko nyuma.

Harufu ilikuwa kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kisha nikahisi kikanyagio cha breki kinalainika chini ya mguu wangu, kinashuka zaidi kuliko kawaida, na gari halipungui vile ninavyotaka. Mbele palikuwa na kona, na nje ya kona hapakuwa na kitu ila hewa na Birkat al Mauz yote iko chini, mitende yake na nyumba zake.

Macho yangu yakaganda kwenye boneti.

"Tazama mbele," khalati akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. Ilikuwa ile sauti ya mtaa wa matofali mekundu. "Mbali, si kwenye pua ya gari. Vuta gia. Tatu. Vizuri. Sasa mbili."

Nikavuta. Injini ikapiga ukelele.

"Iache ilie. Kulia ndiyo kazi yake. Usukani taratibu. Kona hiyo unaiweza."

Gari likashikwa na nguvu ya injini, likapungua, likaingia kona na kutoka. Mbele kulikuwa na uwanja wa pembeni wa kuegesha. Nikaingia, nikavuta breki ya mkono, nikazima. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Mama alikuwa ameshika chupa ya maji ya waridi kifuani, anasoma Ayatul Kursiy, na alipomaliza akasema, "Alhamdulillahi," akashuka.

Yule aliyekuwa akiniwashia taa naye akasimama mbele yetu. Kumbe bwana mmoja mtu mzima, akaja mbio na dumu la maji ayamwagie magurudumu. Khalati alimzuia kwa mikono miwili, "La, la, yaache yapoe yenyewe," na Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika kikamtosha. Akaomba radhi kwa zile taa, akasema mkewe amelazwa Nizwa na alikuwa na haraka ya kumwona. Tukamwombea shifaa, lakini hakuondoka papo hapo, alisimama kidogo kuhakikisha tupo sawa.

Nikamgeukia khalati. "Chukua usukani wewe. Mimi siwezi tena."

Alikuwa anatazama lile gari la yule bwana, hatua chache mbele yetu.

"Nisomee namba yake," akasema.

Nikamsomea.

"Mimi ninaona gari jeupe," akasema. "Basi. Namba sizioni. Macho yameharibika katikati, daktari amesema hayatarudi. Baridi iliyopita niliitia leseni yangu kwenye bahasha nikairudisha mwenyewe. Wanafunzi wangapi nimewapeleka nyumbani kwa kushindwa kusoma namba? Nikajiambia, nami nirudi nyumbani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. "Na hukuniambia," akasema.

"Ningekuambia nini kwenye simu, dada? Ungelia, nami ningelia, na simu ya nje ni ghali."

"Na mawaridi?"

"Mawaridi nimeyaona. Niliyasogelea."

Mama hakulia. Alimtengeneza mtandio, akalinyoosha lile ua lililokuwa linaning'inia, kisha akamfungulia mdogo wake mlango wa nyuma, akamwingiza, na yeye akakaa naye hukohuko, kiti changu asikishike tena. "Twende," akaniambia. "Wewe tazama njia. Huyu nitamtazamia mimi."

Tulingoja magurudumu yapoe, yule bwana akaaga, nasi tukashuka. Gia ya pili, mwanzo mpaka mwisho. Waliokuwa na haraka walitupita na sikuwajali. Nyuma yangu mama alikuwa anamhadithia mdogo wake mlima mzima. "Upande wako kuna mbuzi watatu, mmoja ana pembe moja. Sasa kuna mwamba mwekundu kama nyama. Kule chini mfereji wa falaji, maji yanang'aa. Kuna gari limebeba majani, mtu amelala juu yake." Na khalati anauliza, "Mbuzi wa rangi gani?" Nilisikia mambo ya barabara ile ambayo mimi mwenyewe, mwenye macho mazima, sikuwa nimeyaona wakati wa kupanda.

Tulipofika chini nikasimama kando, nikalaza kichwa kwenye usukani.

"Mguu unaniuma," mama akasema. "Breki nimeikanyaga mimi zaidi yako."

Tukaenda Nizwa tukala mishikaki, tukiwa na njaa kama watu waliolima. Kaka akapiga simu kutoka Sur. Nilitaka kumwambia mwenyewe habari ya breki, na baadaye nilimwambia yote, naye akalipeleka gari fundini bila kunigombeza. Lakini pale mama aliichukua simu mkononi mwangu.

"Gari nzima," akasema. "Sisi hukutuuliza." Akakata.

Siku chache baadaye, Ijumaa asubuhi, mama alinipigia simu mapema. Nilidhani anaumwa. "Njoo na gari lako dogo," akasema. "Na khalati yako mtie ndani." Tulipofika alikuwa ameshavaa, amesimama mlangoni, akatuelekeza nje ya mji kwenye uwanda wa changarawe ambapo vijana hucheza mpira jioni. Muda ule hapakuwa na mtu. Akaniambia nizime gari nishuke.

"Nataka nionje," akasema.

"Uonje nini, mama?"

"Hiki kitu. Treni nimepanda, meli nimepanda, ndege nimepanda, magari ya baba yenu na ya kaka yako. Nimepelekwa umri wangu wote. Nataka niende."

Nilimtazama khalati, nikitaraji atakataa. Alikuwa ameshatoka kiti cha mbele, anasogeza kiti cha dereva kwa mama na kumuwekea mto.

Nikakaa nyuma mimi. Mama alivua viatu akaviweka nje kwenye changarawe, kama mtu anayeingia msikitini, akashika usukani kwa vidole.

"Mguu wa kulia tu," khalati akasema. "Wa kushoto hauna kazi, uupumzishe. Achia breki taratibu. Umeona? Linakwenda lenyewe."

Gari likasogea. Mama akapiga ukelele, akakanyaga, paji langu likagonga kiti cha mbele.

"Vizuri," khalati akasema. "Sasa umejua breki iko wapi. Tena."

Mara ya tatu hakukanyaga. Tulikwenda mbele polepole, changarawe inalia chini yetu, sindano imeinuka kidogo tu, na mama shingo ameinyoosha kama anayevuka mto. Khalati alikuwa hatazami mbele. Alikuwa amegeuza uso, anamsikiliza mama anavyopumua, na kwa kupumua kule anajua lini amwambie kata na lini amwambie nyoosha. Tukazunguka goli la kwanza. Tukazunguka la pili. Mama akaongeza mwendo bila kuambiwa.

"Dada, hiyo ni ngapi?" khalati akauliza.

"Nitajuaje mimi? Nyingi!"

Kaka akatokea. Alikuwa amekwenda kwa mama na mkate wa asubuhi, asimkute, na jirani akamwambia tulivyoelekea. Aliegesha pembeni, akashuka, akasimama na mfuko wa mkate mkononi, mdomo wazi, asiamini nani yuko nyuma ya usukani.

"Mama!" akaita. "Mama, simama!"

Mama alimwona. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani, jambo ambalo khalati hakumfundisha, akampungia, akampita.